Dobi na Tumbo la Chiriku

Dobi hakuwa mtu wa kukosea doa. Ukimletea shuka lenye alama, ataligeuza mara moja tu, kisha atakwambia: hii ni chai, hii ni kutu, hii ni damu ya juzi. Majirani walimtania kwamba akifua shati la mume wa mtu, anajua alikula nini mchana, na alikula kwa nani. Dobi alicheka. Ilikuwa sifa yake, naye aliipenda.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuchekesha. Kila asubuhi alipanga makarai matatu uani. La kwanza la kulowekea, la pili la kufulia, la tatu la kusuuzia. Kufikia saa tisa mgongo ulikuwa unawaka moto, na vidole vimebabuka kwa sabuni. Akimaliza nguo za watu, zilibaki chupi za binti yake. Tano kwa siku. Siku nyingine saba.

Binti huyo alikuwa na miaka sita. Walimwita Chiriku, kwa jinsi alivyopenda kuongea. Lakini kwa miezi mitatu sasa, Chiriku alikuwa akijichafua. Alijichafua nyumbani. Alijichafua njiani. Mwisho akajichafua darasani, na mwalimu akamwita mama yake kando.

"Watoto wanamcheka, mama," mwalimu alisema. "Wanahama dawati. Kaa naye nyumbani kwanza, akipona mlete."

Dobi alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Jioni alimwambia mumewe, ambaye alikuwa seremala, "Mtoto anahara. Nimeziona chupi zake. Ni majimaji matupu."

"Una hakika?" mumewe aliuliza.

"Baba Chiriku, mimi nisijue doa?"

Basi akaanza kumtibu mtoto wa kuhara. Matunda akapiga marufuku. Mboga za majani akapiga marufuku. Maji akampa kidogokidogo, yasije yakamwongezea. Mtoto akawa anakula wali mtupu na mkate mweupe. Dobi akanunua na dawa ya kufunga tumbo dukani, bila kumuuliza mtaalamu yeyote. Wiki mbili zikapita. Chupi zilikuwa zilezile. Mtoto akaanza kukataa hata huo wali.

Dobi alichoka. Alichoka mwili, akachoka na roho. Na mtu aliyechoka hivyo mkono wake huwa mwepesi. Ndala ilishamwangukia Chiriku, na si mara moja.

Jumamosi moja mchana alikuja nesi. Nesi huyo alifanya kazi kwenye zahanati ya mtaani, na sare zake nyeupe zilifuliwa hapo. Dobi alifungua furushi la sare zilizokwisha fuliwa ili amhesabie. Katikati ya sare ya pili, ilijitokeza chupi ndogo, chafu. Sare nzima ilikuwa imeharibika.

Dobi alihisi aibu mpaka masikio yakapata moto. "Chiriku!" aliita. "Umeificha humu? Kwenye nguo za watu?"

Chiriku alikuwa nyuma ya pipa la maji. Alisimama kwa ncha za vidole, miguu ameipishanisha, jasho linamtoka usoni.

"Unamwona, nesi? Amebanwa na chooni haendi! Makusudi huyu!" Dobi alivua ndala.

"Mama Chiriku, weka ndala chini," nesi alisema. Hakupaza sauti. "Mwangalie kwanza anavyosimama. Unafikiri anafanya nini?"

"Anabana."

"Anabana kwa nini?"

"Si ndiyo nakuambia? Anahara, anabana yasimtoke."

"Mara ya mwisho kupata choo kigumu ilikuwa lini?"

"Kigumu? Nesi, huyu anahara!"

"Nimekuuliza, lini?"

Dobi alijaribu kukumbuka. Hakujua. Ni Chiriku aliyejibu, kwa sauti ndogo, kutoka nyuma ya pipa.

"Siku ile kilipouma. Kilitoka na damu. Nikasema siendi tena."

Nesi alimwendea mtoto, akachuchumaa mbele yake. "Naomba nikuguse tumbo, mwanangu. Ukisema niache, naacha." Chiriku akakubali. Nesi alibonyeza polepole upande wa kushoto, chini ya kitovu. Kisha alimwita Dobi, akauweka mkono wake palepale.

Dobi alisikia mabonge. Yalikuwa magumu, yamepangana. Alitoa mkono haraka.

"Mtoto wako hahari," nesi alisema. "Amefunga choo, na amefunga siku nyingi. Choo kilimuuma mara moja, akaogopa, akaanza kukizuia. Kikikaa ndani kinakauka, kinazidi kuwa kigumu. Kikiwa kigumu kinauma zaidi, naye anazidi kuogopa. Sasa kimejaa na kukwama. Kile kipya, ambacho bado ni laini, kinapenya pembeni na kuvuja. Hayo ndiyo majimaji unayoyaona."

"Lakini si aseme tu kwamba amebanwa?"

"Kile kigumu ndicho anachokibana; hiki kinachovuja hakisikii. Utumbo ukishavutika kwa muda mrefu, hautoi tena habari. Yeye anashtukia ameshachafuka. Hata ungempiga mpaka kesho, hawezi kuzuia kitu asichokisikia."

Dobi aligeuza karai tupu, akalikalia. Alitazama ndala mkononi kama kitu cha mtu mwingine, akaiacha ianguke.

"Nimempa dawa ya kufunga tumbo," alisema. "Na maji nimemnyima. Nesi, nimefanya nini mimi?"

"Hiyo dawa iache leo hii. Maji mpe. Na nikuombe, maana najua sabuni hapa haikosekani: usije ukamtia kipande cha sabuni huko nyuma, hata ukishauriwa na nani. Utamuumiza. Jumatatu mlete zahanati. Lakini akianza kutapika, au tumbo likivimba, au akapata homa, usingoje Jumatatu. Mkimbize hospitali."

"Nimechoka, nesi," Dobi alisema, na machozi yakamtoka. "Nimechoka mpaka basi."

"Najua," nesi alisema. Alikaa naye pale mpaka akanyamaza.

Jumatatu daktari alimpima Chiriku. Alihakikisha kwamba hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Kisha akaandika dawa ya unga, ya kuchanganya na maji. Siku za mwanzo ilikuwa nyingi, ili kusafisha tumbo. Baada ya hapo kidogo kila siku, kwa miezi.

"Miezi?" Dobi alishtuka.

Nesi alicheka. "Kola iliyogandamana na tope utaisugua ikiwa kavu?"

"Itapasuka."

"Utaifanyaje?"

"Nitailoweka kwanza."

"Basi na dawa hii inaloweka. Ila jiandae, siku za mwanzo atachafua zaidi."

Alichafua kweli. Siku nne hizo Dobi hakumbuki alilala vipi wala alikula nini. Alifua, akaanika, akafua. Siku ya tano tumbo la Chiriku lilikuwa laini, na mtoto akaomba chakula mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa hofu. Chiriku aliliogopa tundu la choo, na miguu yake ilitetemeka akichuchumaa. Nesi alieleza kwamba mtoto akituliza miguu na magoti yakapanda juu kidogo, choo hutoka bila kusukuma sana. Seremala alisikiliza. Kesho yake alirudi na kiti kidogo chenye tundu, cha kuweka juu ya choo. Kilikuwa na kibao cha kukanyagia, na kila ukingo ameupiga msasa mpaka ukawa laini.

Kila siku baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni, Chiriku alikikalia kwa dakika tano, mara nyingine kumi. Baba yake alisimama nje ya mlango akimpigia hadithi za uongo. Kitoke kisitoke, alisifiwa kwa kukaa. Chupi ikichafuka, ilibadilishwa bila maneno. Kwenye sahani zilirudi papai, machungwa, maharage na mboga za majani, na kikombe cha maji kilijazwa mara kwa mara.

Wiki tatu zikapita. Chupi zikatoka saba zikawa moja. Na hapo ndipo Dobi alipokosea tena. Alimwona mtoto anacheza, akasema moyoni: amepona, na mimi nipumzike. Akaacha dawa. Siku ya sita akamkuta Chiriku kasimama kwa ncha za vidole, miguu ameipishanisha.

Dobi alijifunga kanga akaenda zahanati mwenyewe, roho juu, akingoja kufokewa. Nesi hakumfokea.

"Wengi huachia hapo," nesi alisema. "Utumbo uliovutika kwa miezi haurudi kwa wiki tatu. Mrudishie dawa. Siku ya kuipunguza daktari atakwambia, na itapunguzwa polepole."

Wakaanza tena. Safari hii Dobi hakuhesabu siku. Alimimina maji, akakoroga unga, akampa, akarudi kwenye makarai yake. Mgongo uliuma kama kawaida. Uchovu haukuisha, ila sasa alijua anachokichokea.

Mwezi wa tatu wa dawa, chupi zikiwa hazichafuki tena, nesi alikwenda shuleni na kuongea na mwalimu. Wakakubaliana kwamba Chiriku akinyoosha mkono kuomba kwenda chooni, aruhusiwe papo hapo, bila maswali. Mwalimu alisema mtoto arudi Jumatatu.

Jumatatu asubuhi mama na mwana waliongozana. Karibu na geti Chiriku alisimama.

"Wakiniuliza nilikuwa wapi?"

"Waambie ulikuwa unaumwa."

Chiriku alifikiri. "Kwa hiyo sikuwa mchafu?"

Dobi alichuchumaa pale pale barabarani, watoto wa watu wakipita. "Hukuwa mchafu, mwanangu. Ulikuwa mgonjwa, na mimi nikakupiga kwa ugonjwa. Nisamehe."

Chiriku alimtazama.

"Ulinipiga mara nne," alisema.

Dobi hakujua kwamba mtoto alihesabu. Alitaka kusema alikuwa amechoka, lakini hakusema.

"Mara nne," alikubali.

Chiriku alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaushika mkono wa mama yake, ule wenye vidole vilivyobabuka, na wakaingia getini.