Utani Uliofika Puge

Tak! Tak! Tak-tak-tak!

Advera alikuwa ndani anachagua mchele. Hakuona kitu, lakini aliujua mlio ule. Ni vizibo vya soda vinavyopigwa juu ya ubao wa drafti. Tatu za haraka namna ile maana yake mtu ameliwa kete tatu kwa mpigo mmoja.

Kelele zikalipuka barazani.

"Mzaramo kanyolewa!" mumewe alipaza sauti. "Kanyolewa bila maji!"

Mumewe, Nestory, alikuwa fundi viatu pale Gongoni, Tabora mjini. Barazani kwake palikuwa na cherehani, benchi moja na ubao. Kila jioni alicheza drafti na rafiki yake Selemani, fundi baiskeli. Nestory ni Mnyamwezi. Selemani ni Mzaramo. Watu wa makabila haya wanataniana tangu enzi za misafara, wapagazi walipotembea kutoka Tabora hadi pwani. Basi pale barazani walichambana kila siku, na hakuna aliyenuna.

"Mtani, rudi pwani ukakune nazi," alisema Nestory. "Drafti inataka akili."

"Akili ipi?" alijibu Selemani. "Babu zako walibeba mizigo miezi mitatu kwa miguu! Wenye akili wangenunua punda."

Benchi zima lilicheka.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nestory alimpiga Selemani picha, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akatunga ubeti. Hakuna mtu aliyemfundisha kutunga. Alijifunza mwenyewe kwa kusikiliza mashairi redioni, na alijivunia jambo hilo kuliko viatu vyote alivyowahi kushona. Akausoma kwa sauti:

Selemani wa drafti, leo hii kanyolewa,
Kete zake zote chini, moja moja zimeliwa,
Mke yuko kwao Puge, na nyumbani kakimbiwa,
Asiyelinda keteze, mkewe hunyang'anyiwa.

Selemani alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. Ni kweli mke wake, Swaumu, alikuwa kwao Puge, kijiji cha huko Nzega. Walikuwa wamegombana. Jumamosi hiyo Selemani alitakiwa kwenda kukaa na ndugu zake, wazungumze, amrudishe mke wake nyumbani.

"Na mkeo naye angekimbia," Selemani alimjibu, "ila wewe fundi viatu umemfichia viatu vyake!"

Watu wakapiga makofi. Hata Advera alicheka kule ndani. Wakawa wamelipana. Mambo yakaisha.

Yangeisha kweli, kama Nestory asingechukua simu.

Alikuwa mwanachama wa kundi la mtandaoni la wacheza drafti. Kundi lilikuwa na watu mia nane kutoka kila pembe ya nchi. Usiku wakati wa kula, alianza kuweka picha na ubeti wake humo.

"Umemwuliza mwenyewe?" Advera alimwuliza.

"Aulizwe nini? Mbona alicheka?"

"Alicheka hapa, baba Jenifa. Huko sijui."

"Mama Jenifa, wewe hujui mashairi." Akabonyeza.

Kabla hajamaliza ugali, watu arobaini walikuwa wamemwekea alama ya dole gumba. Nestory alizihesabu mara mbili.

*

Jumatano mchana Selemani alikuja barazani. Hakukaa. Hakugusa ubao.

"Nestory," alisema.

Nestory aliacha kushona. Kwa miaka sita, Selemani hakuwahi kumwita kwa jina. Siku zote alimwita mtani.

Selemani alimpa simu yake. Ilikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa Shilinde, kaka yake Swaumu.

"Selemani, Jumamosi usije," sauti ilisema. "Dada yetu hakunyang'anywa na mtu. Yupo hapa kwa mama yake. Kama huko mjini mmeamua kumwimba kwenye simu, basi kaeni na nyimbo zenu."

"Lakini ule ni utani!" Nestory alisema. "Mwambie ni utani tu. Kwani yeye si Mnyamwezi? Si mtani wako?"

"Ni shemeji yangu," alisema Selemani. "Nilipomwoa dada yake, utani na yeye ulikwisha. Ukwe una heshima yake. Wewe unalijua hilo."

"Sasa Puge wameupataje? Mimi nimeweka kwenye drafti."

"Mtu mmoja wa Nzega ameutuma kwenye kundi la mpira la kijijini kwao. Umesomwa sokoni, Nestory. Mama mkwe wangu amesomewa na jirani."

Akachukua simu yake, akaondoka. Nestory alipiga ngumi kwenye benchi. Vizibo vikaruka.

"Watu hawana akili! Hawajui hata sanaa!"

Advera alisimama mlangoni. "Sanaa gani hiyo inayomwambia mama mzazi kwamba binti yake ana bwana mwingine?"

Nestory aliinama kuokota vizibo.

"Nenda kwa Recheli," Advera alisema. "Yeye ni msimamizi wa hilo kundi lenu. Nenda sasa hivi, kabla hasira haijakupa ubeti wa pili."

*

Recheli alikuwa na steshenari mtaa wa nyuma. Alicheza drafti vizuri kuliko wanaume wengi wa Gongoni, ila alicheza kwenye simu.

"Nimeuona leo asubuhi," alisema. "Jana nilikuwa kwaya, sikufungua simu. Kaa. Unajua kwa nini Selemani hakukasirika jana barazani?"

"Kwa sababu ni mtani wangu."

"Na kwa sababu alikujibu palepale. Ulimpiga, akakupiga, mkacheka. Utani ndivyo ulivyo. Anayetaniwa yupo, anasikia, ana mdomo. Sasa kule kwenye kundi, Selemani yupo?"

"Hayupo. Simu yake inajaa haraka, hataki makundi."

"Swaumu je?"

Nestory alitikisa kichwa.

"Umemchapa mtu amefungwa mikono, kaka. Tena mbele ya watu mia nane. Humo kuna Wachaga, kuna Wamakonde, kuna watoto wa shule. Wanajua nini kuhusu ninyi wawili? Wao wamesoma tu kwamba mke wa Selemani amechukuliwa. Na wameona uso wake."

"Waliweka dole gumba," Nestory alisema kwa sauti ndogo.

"Waliweka. Nikuulize, hata mmoja amejifunza jinsi ulivyozila zile kete tatu?"

Nestory alifikiri. Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

"Watu wanaingia kundini kwa ajili ya mchezo," Recheli alisema. "Ungepiga picha ubao, ukaeleza ulivyomtega, wangekushukuru hadi Mtwara. Habari za mchezo ni za wote. Uso wa mtu ni wake, mpaka akuruhusu. Mambo ya nyumbani kwake hata usiyaombe. Masharti haya yapo juu kabisa ya kundi. Uliyasoma?"

"Sikuyasoma."

"Wengi hawasomi. Lete simu."

Alimwonyesha namna ya kufuta ujumbe na picha kwa watu wote. Nestory alifuta, akapumua.

"Bado," alisema Recheli. "Hapo umefuta kwetu tu. Huko ulikotumwa haujafutika. Andika kundini uombe radhi."

Nestory aliandika haraka. Recheli alisoma, akarudisha simu.

"Umeandika 'kama kuna aliyekwazika'. Hakuna kama hapa. Halafu umerudia neno la kunyang'anywa. Ukirudia tusi ndani ya msamaha, umelisambaza tena. Andika upya. Sema ulichokosea, sema si kweli, nyamaza."

Mara ya tatu aliandika hivi: "Jana niliweka hapa picha na ubeti kuhusu rafiki yangu bila ruhusa yake. Niliyosema kuhusu familia yake si kweli. Nimekosa. Aliyeutuma kwingine naomba aufute, na autume ujumbe huu kulekule."

"Hauna vina," alisema.

"Na hautaki vina," Recheli alimjibu.

Yule mtu wa Nzega aliutuma Puge jioni ileile. Lakini Shilinde hakumpigia Selemani.

*

Alhamisi Nestory alikwenda kwenye kibanda cha baiskeli. Alisimama nje kama mteja.

"Jumamosi naomba twende wote Puge," alisema. "Ubeti niliutunga mimi. Wasikufungie mlango wewe."

Selemani alikuwa anaziba pancha. Alishikilia kiraka mpaka gundi ikakauka.

"Wakikufukuza?"

"Nitarudi kwa miguu. Si babu zangu hawakuwa na akili?"

Selemani aliinamisha uso, lakini mabega yake yalitikisika.

Jumamosi walipanda basi la asubuhi. Puge waliwakuta Shilinde na mama yake uani. Swaumu alikaa pembeni juu ya mkeka, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mama," Nestory alisema, akachuchumaa.

"Marahaba," mama alijibu. "Wewe ndiye mwimbaji?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kusema kwa mdomo wangu. Yale niliyoandika kuhusu binti yako ni uongo. Niliyatoa kichwani ili nisifiwe. Selemani hakunituma, na hakujua kwamba nimeyaweka mtandaoni."

"Mbona sokoni husemi?" aliuliza Shilinde.

"Nipeleke. Nitasema."

Shilinde alimpeleka kweli. Nestory alisimama mbele ya wauza dagaa na wauza viazi, akasema maneno yaleyale. Jasho lilimtoka. Hapakuwa na dole gumba hata moja. Mama mmoja tu wa dagaa alisema, "Haya, tumesikia."

Waliporudi uani, Selemani na mkewe walikuwa wameanza kuzungumza. Walizungumza mpaka jua likapita kichwani. Mwishowe Swaumu alisema angerudi Tabora baada ya wiki moja, mahindi yakimalizika. Kisha akamgeukia Nestory.

"Shemeji, nikirudi nitasikia tena hizo tak-tak zenu kila jioni?"

"Utazisikia."

"Na hiyo simu yako itakuwa mfukoni?"

Nestory aliinua mikono yake mbele yake, yenye weusi wa rangi ya viatu. Selemani alikuwa anamtazama. Mama pia.

"Shemeji Swaumu," alisema kwa sauti, ili Shilinde aliye mlangoni asikie, "Selemani nitamtania usoni kwake tu, akiwa karibu anijibu. Kundini nitaweka ubao na kete. Na jina lako, wala la mtu yeyote, halitapita kwenye simu yangu kabla mwenyewe hajaniambia weka. Naahidi."