Amina ya Mzee Ndimyake

Kila Jumamosi asubuhi, wenzake wa mtaa wa Chanji wakifua sare za shule, Debora alivaa gauni safi na sweta akaongozana na baba yake, Lwitiko, kwenda chumba cha sala. Wao walikuwa Wayahudi, wamehamia Sumbawanga kutoka Mbeya. Shule nzima hakuwa na mwenzake wa dini hiyo. Na tangu mama yake afariki, hata wa kumweleza neno hakuwa naye. Upweke, jamani, ni mzigo mzito kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Baba alitaka kumsomea mama Kadishi, sala ya kumkumbuka marehemu. Sala hiyo haisomwi mpaka watimie watu wazima kumi, na kikundi chao, wanaume kwa wanawake, kilikuwa na kumi tu. Wa akiba hakuna.

Basi korona ikaleta mgogoro. Bibi Atusaye, mwenye mapafu dhaifu, alitaka kila mtu avae barakoa. Mzee Ndimyake alikataa katakata kusali na watu waliofunika midomo. Huyu akibaki, yule anaondoka. Sabato zikapita wakiwa tisa, na mama hakusomewa.

"Mzee yule ana kiburi," Baba alisema njiani. "Siku hizi hata salamu haitikii."

 Debora naye alikuwa amemwamkia mlangoni wiki iliyopita, mzee akampita kama hakumwona. Siku ile alijifungia chooni akalia.

Asubuhi hiyo ubishi ulianza tena. Mzee Ndimyake akatoka nje, akaketi kwenye jiwe katika upepo wa baridi. Debora akamfuata.

"Shikamoo, babu."

Kimya. Roho ilimuuma Debora. Akashusha barakoa afute machozi, akauliza, "Babu, kwa nini hutaki mama yangu asomewe?"

"Nani kasema sitaki, mjukuu wangu?"

Debora alishangaa. Akapandisha barakoa, akamwamkia tena. Mzee hakujibu. Akaishusha, akarudia.

"Marahaba, mwanangu."

"Kumbe husikii, babu?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Nasikia kwa kutazama midomo. Mkiifunika, nakaa humo ndani kama mtu aliyeachwa porini. Nikaona aibu kusema."

"Hata mimi niko peke yangu," Debora alisema. "Niwaambie?"

Mzee alisita, kisha akakubali.

Debora alipowaeleza, watu walitazama chini. Wakafungua madirisha yote, baridi na iingie. Lwitiko, aliyeongoza sala, akasimama peke yake dirishani, mbali na wengine, uso wazi. Mzee Ndimyake akavaa barakoa, akaketi mahali pa kuuona vizuri mdomo wake.

Wakawa kumi. Baba alitaja jina la mama, akasoma Kadishi. Amina ya mzee ilichelewa kidogo kila mara, lakini ilitoka kwa nguvu. Debora alilia, safari hii mbele za watu.

Sala ilipokwisha, Bibi Atusaye alisema, "Barakoa ni kinga, tutaendelea kuivaa. Ila tumemlaumu mwenzetu bila kumuuliza shida yake. Kuuliza si ujinga. Tumefundishwa na mtoto."

Baba hakuondoka dirishani. Alimgeukia Mzee Ndimyake, akasema taratibu, neno moja moja, ili mdomo wake usomeke, "Nisamehe, mzee wangu."