Kilo Hamsini na Nne

Jumatatu asubuhi, kabla mtu yeyote hajakanyaga mizani ya uwanja wa ndege wa Jadotville, mshale wake ulikuwa umesimama kwenye hamsini na nne. Théodore aliigonga kwa kiganja, mshale ukarudi sifuri. Alipogeuka kuchukua kalamu alisikia chuma kikilia, kama kinavyolia mtu anapopanda. Hamsini na nne. Juu ya ubao wa mizani palikuwa na nyayo mbili za miguu mitupu, nyeupe kwa chokaa, bado mbichi.

Kampuni ilikuwa na ndege moja tu. Mgiriki mmoja muuza samaki aliinunua mwaka mvua zilipokata barabara, ipeleke unga na sabuni kwenye kisiwa cha ziwa Mweru na kurudi na samaki wakavu. Watu waliiita Kambale, kwa harufu yake. Ilikuwa na viti sita vya wasafiri, na iliruka kila Jumanne na Ijumaa. Kazi ya Théodore ilikuwa kupima. Kila msafiri alipanda mizani, na uzito wake ukaandikwa daftarini kwa wino wa buluu. Mtoto wa kupakatwa hakupimwa. Aliandikwa pembeni mwa jina la aliyempakata. Aliyeshushwa, jina lake lilikatwa kwa wino mwekundu. Jina lisilokatwa lilikuwa bado na kiti.

Hamsini na nne alikuwa Émérence, mwanamke aliyetoka jimbo la Kasai. Nyumba za watu wa kabila lake zilipoanza kupigwa mawe mjini, alimpeleka mwanawe mdogo kwa dada yake kisiwani. Huko mtoto akashikwa na surua. Mama alikuja uwanjani mbio, akapimwa, akaandikwa. Kisha mkubwa mmoja wa askari wa jandarma akaleta mashine ya kushona ipakiwe mahali pake, na Théodore akamwambia Émérence ashuke.

Mama wa watu alimwomba kwa sauti ndogo, akamweleza habari ya ugonjwa. Wapakiaji walikuwa wanatazama, na Théodore akataka kuwachekesha.

“Hata mashine ya kushona iko na kabila muzuri kupita ya kwako,” alisema. “Ngoja Ijumaa, mama.”

Walicheka. Ijumaa asubuhi, kabla Émérence hajapanda, ndege ilirudi kutoka kisiwani na habari kwamba mtoto amekwisha kuzikwa. Jioni ile ile wachimba mawe ya chokaa wa Kakontwe waliona kikwembe cha Émérence, kitenge alichojifunga, kikielea kwenye shimo la maji, katikati ya chokaa. Na Théodore, kwa haraka ya kupakia ile mashine, alikuwa amesahau wino mwekundu.

Sasa bunduki zililia kila siku karibu na mji. Rubani alikuwa amesema Jumanne hii Kambale ataruka mara ya mwisho, harudi tena. Théodore alikuwa amemwekea mkewe Hortense kiti, ampakate Anne, binti yao wa mwaka mmoja, wakajifiche kisiwani.

Mchana alipofika nyumbani alikuta harufu ya chokaa mbichi na maziwa yaliyochacha, harufu iliyotoka kwenye pembe ambayo haikuwa na kitu, na Anne ameketi mkekani akiitazama pembe hiyo na kucheka, akainua mikono yote miwili kama mtoto anavyoinua anapotaka kubebwa, na polepole, mbele ya macho ya baba yake, visigino vyake vikaacha mkeka.

Théodore alimrukia, akamvuta. Alikuwa mzito.

Walimwita mama Gertrude, mkunga aliyejua mambo ya mapepo. Alinusa shingo ya mtoto.

“Huyu haombe damu,” alinong'ona. “Anaomba kiti yake. Kesho umuite kwa jina mbele ya bantu, umuombe musamaha, na kiti moja iende bule.”

“Kiti gani? Byote sita biko na bantu.”

“Ile ya bibi yako.”

Kiti kilimuuma Théodore, lakini kilichomuuma zaidi ni kupiga magoti mbele ya wapakiaji, kwa ajili ya mwanamke wa Kasai. Jumanne alfajiri alifungua daftari, akatafuta jina la Émérence, akalikata kwa wino mwekundu. Mizani ikalia mara moja. Mshale ukarudi sifuri, ukabaki hapo. Akashukuru Mungu.

Risasi zilisikika upande wa barabara walipokuwa wanapanda. Rubani hakuzima injini. Hortense alipanda na mtoto, kisha Théodore akamwona anashuka mbio kuokota furushi la nguo za Anne lililosahauliwa penye mizani. Mlango ukafungwa. Kambale akakimbia, akainuka, akapotea.

Hortense alikuwa amesimama na furushi kifuani.

“Mutoto iko wapi?” Théodore aliuliza.

“Nilimupatia ule mama mwenye anaikala pa kiti yangu.”

“Mama gani? Mwanamuke alikuwa weye peke yako.”

Théodore alifungua daftari. Mstari mwekundu ulikuwa umekata jina la Hortense. Juu yake, kwa buluu safi, kwa mwandiko wake mwenyewe: Émérence, kilo hamsini na nne, pamoja na mtoto wa kupakatwa.

Hortense alikuwa anautazama mkono wake. Ulikuwa mweupe kwa chokaa.

“Nilitaka kupanda tena, akanisukuma,” alisema polepole. “Akaniambia, ‘Ngoja Ijumaa, mama.’”