Umande Ukikauka, Nailoni Chini!

Ijumaa hiyo Mong'ina aliamka kabla ya jogoo wake. Usingizi ungemkalia vipi? Zamu ilikuwa imemfikia!

Wanawake wa kijiji chao, karibu na Magwagwa huko Nyamira, huchuna majani chai kwa kusaidiana. Leo wako shambani kwa huyu, siku nyingine kwa yule. Mpango huo wanauita egesangio. Na leo shamba lilikuwa la Mong'ina.

Majani yalikuwa tayari, tena yalianza kupitiliza. Lori la chai lingekuja alasiri. Jua likizama, Sabato ingeingia, na hapo hakuna ambaye angegusa hata jani moja. Kwa hiyo ilikuwa ni leo tu.

Furaha yake ilizidi kwa sababu ya Jemimah, wifi yake. Jemimah ni dada mdogo wa Angwenyi, mume wa Mong'ina. Anashona nguo mjini Kisii. Alikuwa amekuja jana jioni kusaidia, na tangu aingie nyumba nzima ilikuwa kicheko.

Wanawake walifika kukiwa bado na baridi. Walivaa kama kawaida yao: sweta, kofia ya sufu, gamboti za mpira, na juu ya yote nailoni nzito. Nailoni hiyo hufungwa kiunoni kwa kamba na kushuka hadi miguuni. Asubuhi umande wa Nyamira unalowesha kama mvua, na bila nailoni utatetemeka. Ukishaifunga, huifungui mpaka kazi iishe.

Kazi ilianza kwa wimbo. Mikono ilikwenda mbio, vikapu vikajaa. Mong'ina aliangalia shamba lake likichunwa mstari baada ya mstari, moyo ukamcheza.

Lakini Februari ile haikuwa na mchezo. Mvua ilikuwa imepotea. Umande ulikauka mapema, na kufikia saa tano jua lilikuwa linachoma mabega.

"Mama Linda," Jemimah alimwita Mong'ina kwa jina la mwanawe, "nipe maji kidogo. Kichwa kinanigonga."

"Vumilia, wifi yangu. Tukimaliza kuna chai na viazi."

Nyakerario, mzee kuliko wote katika kikundi, alidakia. "Unywe maji baridi na jasho hilo? Utashikwa na kifua! Sisi ni watu wa milima. Jua litatufanya nini?"

Wote wakacheka. Jemimah naye akacheka, akaendelea kuchuna. Katika egesangio, anayekaa chini kabla shamba halijaisha huitwa mvivu. Na nani anataka kuitwa mvivu?

Baadaye kidogo Mong'ina aligeuka. Aliona Jemimah anatupa majani chini badala ya kikapuni.

"Jemimah! Unamwaga majani!"

Jemimah alimwangalia kama mtu asiyemjua. "Mama, funga cherehani," alisema. Kisha akaanguka kati ya michai.

Mong'ina alipiga mayowe. Walimbeba hadi ukingo wa shamba. Alipomgusa shavu, lilikuwa linawaka.

"Ni malaria hiyo," alisema Nyakerario. "Mfunikeni atoe jasho!"

Wakamfunika kwa leso mbili na sweta ya mtu. Mmoja akakimbia kuleta chai ya moto. Wote wakamzunguka, hata upepo ukakosa njia.

Wakati huo Gentrix alikuwa anapita na mkoba wake. Gentrix ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alizaliwa upande wa ziwa, kwenye joto kali, akaolewa huku na Mokua. Aliwaona, akaja mbio.

"Nyinyi! Mnamtibu au mnampika?" alifoka. "Ondoeni hizo leso! Rudini nyuma, apate hewa!"

"Ana homa, mama," Mong'ina alisema huku akilia.

"Amepigwa na joto. Mwili wake umeshindwa kujipoza, na hii inaua. Mbebeni hadi chini ya mti. Wewe, piga simu boda boda ije. Sasa hivi! Nyakerario, lete maji, mengi!"

Gentrix alikata kamba ya nailoni kwa kisu. Alimvua gamboti, sweta na kofia. Alimmwagia maji mwilini, akaweka vitambaa vilivyoloa shingoni na kwapani. "Mpepeeni! Msiache!"

Mong'ina alileta kikombe cha maji mdomoni mwa Jemimah. Gentrix akamshika mkono.

"Bado. Hajitambui. Yatamwingia kwenye mapafu. Akiamka vizuri, atakunywa kidogo kidogo."

Walipepea kwa makaratasi, kwa vikapu, kwa mikono. Mong'ina alikuwa anaomba kwa sauti. Jemimah akafungua macho. "Mama Linda," alisema, "mbona nimeloa?"

Mong'ina alicheka na kulia pamoja. Boda boda ilifika, wakampeleka kituo cha afya, na njiani waliendelea kumlowesha. Daktari alisema wangechelewa zaidi wangempoteza.

Majani ya Mong'ina yalibaki shambani. Hakuyakumbuka hata kidogo.

Jumapili Gentrix aliwaita wanawake nyumbani kwa Mong'ina. Ilikuwa saa nane mchana. Nyumba ya mabati ilikuwa imefungwa madirisha, na moto wa jikoni ulikuwa unawaka humo humo ndani. Mtoto wa jirani alikuwa amelala amevikwa kofia ya sufu na shali mbili, uso umejaa jasho.

"Tuanze na huyu," Gentrix alisema, akimgeukia mama wa mtoto. "Mama, mtoto huyu ana baridi?"

"Hapana. Lakini ni mtoto."

"Basi mvue kofia na shali. Jua kama hili, nguo moja nyepesi inamtosha. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mong'ina, fungua madirisha ya pande zote mbili, upepo upite. Mchana pika nje, kivulini."

Madirisha yalifunguliwa. Hewa ikaingia, na mtoto akaanza kurusha miguu. Wanawake wakapiga makofi.

"Sasa shamba," Gentrix aliendelea. "Nailoni ni nzuri kukiwa na umande. Umande ukikauka, inafungia joto lote ndani. Sweta vilevile. Vueni, mbaki na blauzi nyepesi ya mikono mirefu. Kofia ya sufu muiache, mvae ya kitambaa yenye ukingo mpana."

"Na maji?" Mong'ina aliuliza.

"Kunywa kabla ya kiu, kila baada ya muda mfupi. Hayaleti ugonjwa wa kifua, Nyakerario, mradi ni safi. Angalieni mkojo pia. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwili unalilia maji."

Walicheka mpaka Nyakerario akajifuta machozi. Kisha akauliza, "Lakini kwa nini Jemimah, si mimi mzee?"

"Ungeweza kuwa wewe, na wazee ndio huumia upesi. Jemimah amezoea kukaa ndani akishona. Mwili hujifunza jua polepole, siku kadhaa. Aanze na kazi kidogo. Na mtu akisema kichwa kinamgonga, ana kizunguzungu au kichefuchefu, asiambiwe avumilie. Apelekwe kivulini."

Mong'ina aliinamisha kichwa. Neno lile la kuvumilia lilikuwa lake.

Ijumaa iliyofuata kikundi kilirudi kumalizia shamba la Mong'ina. Safari hii walianza mara tu walipoweza kuona majani. Maji yalikuwa kwenye mtungi mkubwa chini ya mti. Jemimah alikuwepo, amepona. Alikuwa ameanza na kazi ya saa moja tu Jumatano, ya saa mbili Alhamisi, na hakuna aliyeweza kumfungia nyumbani.

Umande ulipokauka, Mong'ina alipaza sauti. "Nailoni chini!"

Nailoni zikaanguka huku na kule. Wepesi ulioje! Vidole vikakimbia kuliko mwanzo. Kila mara kikombe cha maji kilizunguka, na wimbo haukukatika.

Saa tano ikafika. Ilikuwa imebaki mistari michache tu.

"Tumalizie!" alisema Nyakerario. "Lori likitukuta hivi je?"

Mong'ina aliangalia majani yake. Aliyataka, nani asingeyataka? Kisha akamwangalia Jemimah.

"Niko sawa, Mama Linda," Jemimah alisema, lakini alikuwa anajisugua paji la uso.

"Kivulini wote!" Mong'ina alisema. "Lori likienda, liende. Mtu wangu haendi."

Wakakaa, na hakuna aliyeitwa mvivu. Wakanywa maji na uji, wakavua gamboti, wakataniana. Maumivu ya Jemimah yakaisha, lakini Mong'ina alimwambia asirudi kuchuna siku hiyo. Jua lilipolegea, wengine waliingia tena shambani wakiwa na nguvu mpya. Mstari mmoja, mwingine, wa mwisho! Shamba likaisha, na ndipo wakasikia lori likiguruma mlimani. Walikimbilia kituo cha chai wakicheka kama watoto wa shule.

Jioni Angwenyi alirudi kutoka Kisii, anakopakia ndizi. Tangu siku ile dada yake alipoanguka hakuwa na amani. Hakuuliza habari za majani. Alisimama mlangoni, akauliza kwa woga, "Jemimah yuko wapi?"

"Ametangulia kuoga," Mong'ina alisema. "Msikilize."

Nyuma ya nyumba Jemimah alikuwa anaimba kwa sauti yote, na maneno yote ya wimbo yalikuwa mahali pake.