Ishirini na Saba ya Nani?

Walikutana machinjioni saa moja asubuhi, kila mmoja na kichupa chake, wakingoja damu ya fahali mmoja. Msomaji asicheke, mapenzi hayachagui pa kuzaliwa. Mwanamke alivaa koti jeupe na buti za mpira za manjano, na alikuwa na mwanya.

"Kaka, foleni inaanzia nyuma."

"Fahali hakupanga foleni, dada."

"Basi mfuate alikokwenda."

Mwanamume, fundi wa maabara, akarudi nyuma. Alikuwa amechoka hata kabla ya kupenda.

Kumbe kazi yao ilikuwa moja, katika maabara mbili tofauti: kupiga picha kromosomu za ng'ombe, zile nyuzi fupi zinazobeba urithi, kuzikata kwa mkasi, kuzipanga kwa ukubwa na kuzipa namba. Jozi thelathini. Kubwa hazisumbui. Ndogo za mwisho zinafanana kama punje za mchele, na kila maabara ilizihesabu kivyake. Miezi saba waligombana kwa simu juu ya namba hizo, na ugomvi ukawanogea.

"Macho yako yana ukungu, mpenzi."

"Ndiyo maana nakuona mzuri."

Kisha mwanamke akapata kazi mji wa mbali. Fundi akamwomba wafunge ndoa kabla hajaondoka, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari. Mwanamke akampa bahasha ya picha za kromosomu za fahali wao, zimekatwa, hazina namba.

"Zipange. Jibu langu liko nyuma ya ishirini na saba."

Alizipanga siku nzima, shingo ikimwuma. Akageuza ya ishirini na saba. Tupu. Nyingine hakuzigusa, muungwana akikataliwa hapekui.

Siku tisa hakupokea simu. Akawa anakula kwa kuhurumia chakula. Dada yake alimtazama akikoroga chai isiyo na sukari.

"Kaka, umefiwa na ng'ombe?"

"Niache, nimechoka."

"Basi choka huku unapokea. Simu inalia."

Akapokea, shingo upande.

"Kesho nasafiri," mwanamke alisema taratibu. "Nimekukosea nini?"

"Nyuma hakuna kitu."

"Umegeuza ipi?"

"Ishirini na saba."

"Ya nani?"

Fundi akaacha kukoroga. Chai ikapoa.

"Ya kwetu," akakiri.

"Mimi nilihesabu ya kwetu. Tafuta yenye nukta ya jeni alama."

Jeni hiyo nilisahau kuitaja, msomaji, kama yeye alivyosahau kuitazama. Hupakwa rangi ikang'aa kama nukta, nayo hukaa kwenye kromosomu moja tu, uiite namba uitakayo. Fundi alikwenda maabara na simu sikioni. Nukta ilikuwepo, imetulia mahali alipoiweka kwa mikono yake: ishirini na tisa. Akaigeuza.

*Ndiyo. Lakini watoto nitawahesabu mimi.*

Akaketi juu ya kasha la vioo. Uchovu haukumtoka, ulipata tu mahali pa kukaa.

"Upo?" mwanamke akauliza.

"Nipo. Usipande basi kesho. Nakuja na dada yangu kwa wazee wako."

Kabla ya kutoka alichukua kalamu. Kwenye droo ya ishirini na tisa akafuta tisa, akaandika saba. Mkuu wake akamtazama juu ya miwani.

"Miaka minne umeitetea namba hiyo. Umepata ushahidi gani?"

"Jeni alama, mzee," akajibu. "Na mwanya."