Aliyeitika Adhuhuri

Harufu ya tui la nazi ilimfikia Munirah adhuhuri ya Jumamosi, akiwa amejilaza katika nyumba ya wageni ya Mama Rahmah, Katunguru. Ilikuwa harufu ya tui zito linaloanza kuchemka, na ndani yake hiliki. Aliivuta mara mbili kabla ya kukumbuka kwamba Katunguru hapana mnazi hata wa dawa.

Akatoka uani. Mama Rahmah, mjane anayeuza samaki pale darajani, alikuwa anamenya ndizi za matoke.

"Mama, unapika nazi?"

"Nazi? Nazi natoka wapi hapa?" Rahmah alicheka. "Wewe iko na njaa, mutoto yangu. Kaa, chakula naiva sasa hivi."

Njaa alikuwa nayo kweli, ila si ya tumbo. Munirah alikuwa muuguzi kutoka Pangani, aliyejitolea miezi sita nchi jirani, katika kituo cha afya nje kidogo ya Bwera, na huu ulikuwa wa nne. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na wenyeji walipona kweli, maana akina mama wengi walijifungua salama mikononi mwake. Walimpenda. Tatizo ni Kiswahili chake, kiliwachekesha. "Sista naongea kama redio," walisema. Basi akajifunza kukivunja ili aeleweke. Akasema mutoto iko wapi, dawa yako iko hii, na ngeli akazifungia sandukuni pamoja na kanga zake za kutokea. Mwacha asili ni mtumwa, wahenga wamesema, lakini hao wahenga hawakuwahi kuzalisha Bwera. Jioni aliketi chumbani peke yake, hana wa kumuuliza hata ameshindaje. Alipoanza kukonda, mkunga mwenzake, Naome, alimwonea huruma.

"Enda kwa rafiki yangu Katunguru, siku mbili tu," alimwambia. "Utaona maji, utaona viboko. Utarudi muzima."

Maji aliyaona. Viboko aliwaona migongo tu, wakajizamia zao. Upweke alikuwa amekuja nao kwenye begi.

Aliporudi chumbani siku ile, mtu akamwita.

"Kimulimuli."

Jina hilo alipewa na mama yake alipokuwa mchanga, na nje ya jiko la Pangani hakuna aliyelijua. Sauti ilitoka dirishani, upande wa maji, na ilikuwa ya mama. Waswahili husema kataa neno, usikatae wito. Bibi yake Munirah alimfundisha kinyume: ukiitwa jua la utosi na usiyemwona, funga mdomo, kwa kuwa mtu ataita tena, lakini wao wasioonekana huita mara moja tu kila adhuhuri. Munirah akafunga mdomo. Sauti haikurudia. Alilala na taa, akijiona mjinga, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alitamani irudie.

Jumapili, jua lilipofika utosini, harufu ikaja tena. Safari hii ilijaa chumba kizima mpaka ulimi ukaionja, na malori ya darajani yakawa kama yamezimwa yote kwa pamoja, na ndege wa majini waliokuwa wanapiga kelele tangu alfajiri wakanyamaza, na Munirah akasikia nyayo zenye maji zinakuja polepole kwa nje ya ukuta, zikasimama chini ya dirisha lake, pale pale alipokuwa ameegemeza kichwa.

"Kimulimuli mwanangu," sauti ikasema, "kikombe chako kile cha maua nimekitia chai, na kinapoa."

Chako kile, nimekitia, kinapoa. Miezi minne hakuna aliyemsemesha hivyo. Machozi yalimtoka. Alijua, wallahi alijua, bibi yake alikuwa kama amesimama mbele yake na kidole mdomoni, lakini upweke una nguvu kuliko mafunzo.

"Abee, mama," akaitika.

 Kisha nje ya ukuta, kwa sauti nzito, kitu kikajaribu, "Abee, mama." Kikajaribu tena, kwa sauti nyembamba kidogo, na tena, kama mtoto anayefundishwa sura chuoni, kila mara kikikaribia zaidi, mpaka mara ya saba sauti ilikuwa yake Munirah mwenyewe, na machozi yake yamo ndani, na chumba kikanuka matope yaliyooza, na yeye alipofungua mdomo apige kelele hakikutoka kitu, akaanguka huku simu yake ikitumbukia kwenye ndoo ya maji.

Rahmah alimkuta sakafuni. Akamleta Sheikh Abdunoor, mwenye gari la kupeleka samaki Kasese, ambaye watu humwita kuwasomea wagonjwa. Alisoma hadi alasiri, jasho likimtiririka, mdomo karibu na sikio la Munirah.

"Toka," akaamuru. "Unaenda wapi?"

Jibu lilitoka kwa kinywa cha Munirah, laini, kwa lafudhi ya Pangani. "Nakwenda kwetu."

Sheikh akashusha pumzi. "Kwetu yao iko mu maji. Imekwisha." Munirah alipozinduka, akamuuliza taratibu, "Wewe uliitika?"

"Niliitika." Sauti ilikuwa imemkauka, haitambuliki.

"Basi hiyo jina usiitike tena. Yeye iko nayo."

Jumatatu Munirah alikuwa kituoni Bwera. Hofu ilikuwa imebaki kidogo tu, chini ya kifua, na hamu ya mama yake ikawa kubwa kuliko jana. Adhuhuri aliazima simu ya Naome, akapiga nyumbani.

"Mama, ni mimi, Munirah."

"Munirah yupi?"

"Munirah yako. Mimi iko Bwera." Maneno yalitoka yamevunjika. Alitaka kuyaunga, akayatafuta yale ya nyumbani, asiyaone.

Mama akacheka, kicheko cha kumstahi mgeni. "Bibi we, Munirah wangu karudi jana magharibi. Yuko jikoni ananikunia nazi."

Ni kweli, nazi ilikuwa inakunwa, mbuzi inasikika mpaka simuni. Mama akageukia huko akaita, kama alivyoita miaka ishirini na sita, "Kimulimuli!"

Munirah alisahau onyo la sheikh, akafungua mdomo. Kule jikoni mbuzi ikanyamaza.

"Abee, mama," sauti yake mwenyewe ikaitika. "Nakuja."

"Umesikia?" mama akasema kwa upole. "Umekosea namba, mwanangu."