Soksi za Mdundosikivu

Nyayo mbili za mwanga wa kijani zilijitokeza kwenye sakafu ya sebule. Zikasogea kushoto, zikarudi, zikasogea tena, kana kwamba mtu asiyeonekana alikuwa akicheza mbele ya kochi. Bi Chausiku Mkude alizikodolea macho kama mtu aliyebishiwa hodi na mgeni asiyemtarajia. Miguuni alikuwa amevaa soksi nyeusi zilizofumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Kila mwanga ulipohama, nyuzi zile zilimfinya kwenye shavu la mguu kumwonyesha pa kukanyaga.

"Fuata, Mama Semeni," sauti ilisema kutoka ukutani, Kiswahili chake safi, hakina haraka. "Moja, mbili. Moja, mbili. Merenge haina kituo."

Sauti ile ilikuwa ya Mdundosikivu, programu ya kufundishia muziki iliyoenea Morogoro nzima mwaka ule wa 2094. Haikuwa rekodi ya kuwasha na kusikiliza, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyomsikiliza mchezaji. Soksi zilipima uzito wa kila hatua, na muziki ukabadilika kulingana na alichokosea. Kama mtu hakuisikia ngoma, ngoma iliongezwa. Kama vyombo vilimchanganya, vyote vilizimwa, ikabaki gwira peke yake, ile bati yenye vinundu inayokwaruzwa kwa chuma.

Semeni, binti wa pekee wa Chausiku, alikuwa mhandisi kwenye ngazi ya anga, ile lifti ya kupandishia watu na mizigo hadi angani, na huko alikutana na Wilkin, kijana wa Jamhuri ya Dominika. Pande mbili zilikubaliana kwamba siku ya harusi mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi ndio wafungue dansi, salsa moja na merenge moja, dansi ya kwao Wilkin, watu wote wakitazama. Chausiku aliitikia bila kufikiri. Baada ya kuitikia ndipo jasho lilipomtoka.

"Sitaki kukutia aibu, mwanangu," alimwambia Semeni kwa simu.

"Mama, wewe si ndiye malkia wa dansi? Utashindwa na merenge?"

Alikuwa anashindwa. Na kilichomchanganya zaidi ni kwamba salsa, ambayo kila mtu aliiita ngumu, aliipata siku ya tatu tu. Hatua tatu, kimya kimoja. Hatua tatu, kimya kimoja. Mdundosikivu ilimsifu mpaka akaona haya. Lakini merenge, ambayo hata mtoto wa chekechea angeiweza, ilimtoa jasho la bure.

"Umechelewa," sauti ilisema.

"Nimechelewa wapi?"

"Baada ya kila hatua ya tatu unasimama, theluthi moja ya sekunde. Unasubiri nini, Mama Semeni?"

"Nisubiri nini mimi? Chai?"

Alikasirika kweli. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa pampu za maji. Alikuwa na uwezo wa kusimama nje ya mlango akasikia pampu inavyogonga na kusema ni bolti ipi imelegea. Leo mashine imwambie hasikii moja na mbili!

Alijaribu tena. Moja, mbili, tatu, akasimama. Nyayo za kijani zilikwenda zao, zikamwacha.

Ukutani, juu kidogo ya pale sauti ilipotokea, ilining'inia picha ya marehemu mumewe, Pazi. Pampu ilimwangukia mguu wa kushoto akiwa kijana, ukalemaa, naye akakataa katakata ukatwe awekewe wa bandia. Hata hivyo, kila Jumamosi alasiri walikwenda dansi ukumbini wakiwa wamependeza. Pazi alipiga hatua tatu vizuri, kisha ilibidi auvute ule mguu mbovu uliochelewa nyuma, Chausiku akimngoja, ndipo waendelee. Semeni, alipokuwa mdogo, alipanda juu ya viatu vya baba yake na kuchezeshwa hivyo hivyo. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu Pazi azikwe. Chausiku aliifuta vumbi picha ile kila asubuhi, na hata siku moja hakuihusisha na miguu yake mwenyewe. Nyani haoni kundule.

Siku moja kabla ya harusi, Mdundosikivu ilimpa shauri.

"Mazoezi hayatatosha. Ninaweza kufanya urekebishaji wa kina. Misuli ina kumbukumbu yake. Nyuzi zitaifuta tabia ya zamani na kuweka mpya. Ni kazi ya saa mbili. Kasoro haitarudi tena. Unakubali?"

"Itauma?"

"Haitauma."

"Na salsa yangu?"

"Haitapotea. Kimya cha salsa utakihesabu kichwani."

Alisita, asijue anasita kwa nini. Akamkumbuka Semeni na macho ya wageni mia tatu.

"Haya, fanya," alisema.

Alikaa kwenye kochi, nyuzi zikimtekenya kama siafu wanaopita bila kuuma. Aliposimama, merenge ilimwingia mara moja. Moja, mbili, moja, mbili, hakuna kituo. Alizunguka sebule nzima akicheka peke yake. Kisha kicheko kikaisha. Alijihisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta stuli imehamishwa, asijue ni ipi wala ilikuwa wapi. Alitazama huku na huku. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na bado akalala na wasiwasi.

Harusi ilifana. Bendi ya kina Wilkin ilikuwa na kodiani, ngoma na gwira, watu wanapiga kwa mikono yao. Mama Wilkin, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, alimshika Chausiku kiunoni wakaanza. Salsa ilikwenda. Merenge ikatia fora. Ukumbi uliinuka kwa vigelegele, na Semeni akapiga makofi mpaka shela likamteleza.

Walipoketi, Mama Wilkin alimwinamia. Kitafsiri kidogo alichovaa Chausiku sikioni kiliyageuza maneno yake kuwa Kiswahili.

"Umenishinda, Mama Semeni. Umenyooka kama askari. Sisi kwetu huwa tunauburuta mguu kidogo."

"Kwa nini?"

"Wazee husimulia kwamba shujaa mmoja alirudi vitani mguu umejeruhiwa. Siku ya kumpokea akataka kucheza. Basi kijiji kizima kikacheza kikichechemea, ili asione haya. Kama ni kweli sijui, lakini naipenda."

Chausiku alimtazama bila kumwona. Hatua tatu, kisha kungoja. Unasubiri nini, Mama Semeni? Alikuwa akiusubiri mguu wa Pazi. Alitoka hadi varandani, akaiita Mdundosikivu kwenye bangili yake ya mkononi.

"Nirudishie," alisema. "Ile ya hatua ya tatu. Irudishe."

"Kasoro zilizorekebishwa hazihifadhiwi," Mdundosikivu ilijibu kwa upole ule ule. "Hongera kwa mafanikio yako."

Alilia pale pale, kwa sauti, wala hakujali nani anamwona. Alimzika Pazi mara moja, na jana amemfuta, tena kwa ridhaa yake, ameketi kwenye kochi.

Semeni alimkuta hapo, amelikusanya gauni mkononi. Ndani, bendi ya Morogoro ilikuwa imeanza wimbo wa zamani wa ukumbini.

"Mama, njoo. Ule wimbo wa Baba."

"Siwezi, mwanangu. Nimeusahau."

"Unausahauje? Njoo."

Semeni alimvuta hadi katikati, akamshika kama mwanamume anavyomshika mwenzake wa dansi. Hatua tatu. Kisha, bila kufikiri, Semeni akauvuta mguu wake wa kushoto, mzima, kama alivyouvuta juu ya viatu vya baba yake. Chausiku alikuwa ameshatangulia. Akamkanyaga.

"Mama, ngoja."

"Nimesahau kungoja."

"Basi mimi nitakungojesha. Sijui kucheza namna nyingine."

Wakaanza tena. Akamkanyaga tena, na tena. Kiatu cheupe cha bibi harusi kiliingia alama nyeusi, wageni wakanong'ona, Mama Wilkin akawanyamazisha kwa mkono. Mara ya sita hakumkanyaga. Chausiku hakujua kama amengoja mwenyewe au ni mkono wa mwanawe uliomzuia mgongoni, naye hakuuliza, akaanza kuhesabu upya.